Askari Nje ya Zamu, Katika Mji Usio Wake

Liko jambo ambalo limezungumzwa sana katika mabaraza ya kutunga sheria ya nchi mbalimbali, nalo ni hili: je, askari polisi aliyemaliza zamu yake, au aliye likizoni, akiwa katika mji usiokuwa wa kazi yake, apewe uwezo wa kumkamata mtu kama vile yuko kazini kwake? Wako wanaosema apewe uwezo huo wote, na wako wasemao asipewe hata chembe. Mimi si mwanasheria. Nilisoma chuoni na shule ya msingi, na kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kuwasomesha watoto Qur'ani hapa Tanga. Lakini jambo hili si la wanasheria peke yao, kwa sababu anayeshikwa bega na askari aghalabu ni mtoto wa mtu fulani, na watoto wa watu ndio niliokaa nao maisha yangu yote. Kwa hiyo nami natoa langu.

Yapasa kwanza tuwafanyie insafu wale wanaotaka uwezo huo upanuliwe, maana hoja yao si dhaifu. Wao husema kwamba mwizi hachagui saa wala mji. Askari amefunzwa kwa gharama ya serikali, anajua kumshika mtu bila ya kumuumiza, na anajua lipi kosa na lipi si kosa. Sasa iweje aone mtu anachomwa kisu mbele yake, kisha aambiwe kwamba zamu yake imekwisha saa kumi, au kwamba mto ule ndio mpaka wa wilaya yake?

Mimi mwenyewe nimeshuhudia faida ya jambo hilo. Miaka kadhaa iliyopita sokoni kijana mmoja alituhumiwa kuiba simu. Watu walimzunguka, mawe yakaanza kuokotwa, na mmoja alikwisha kwenda kutafuta tairi. Akatokea mtu aliyevaa shati na kikoi, mgeni aliyekuja kumtembelea shemeji yake, akamshika kijana yule mkanda wa suruali na kupaza sauti: "Mimi ni askari. Huyu yuko mikononi mwangu, na atakayerusha jiwe nitamtaja jina." Akapiga simu kituoni, na gari lilipofika akamkabidhi kijana pamoja na mwenye simu, kisha akarudi kwa shemeji yake kumalizia chakula. Lau si mtu yule, siku ile tungezika. Basi asije mtu akaniambia kwamba askari akiwa nje ya zamu afumbe macho.

Lakini tazameni kwa makini mtu yule alifanya nini. Aliona kwa macho yake mwenyewe. Alijitaja yeye ni nani mbele ya watu wote. Hakumpeleka kijana mahali anakokujua yeye tu. Aliwaita wenye zamu na wenye mji, akawakabidhi. Mambo haya ndiyo roho ya maneno yangu, na nawaomba myaweke akilini tunapokwenda kutazama yaliyotokea katika nchi nyingine.

Marekani ndiko swali hili lilikopamba moto zaidi, kwa sababu ya namna polisi wao walivyopangwa. Sisi Tanzania tuna Jeshi la Polisi moja chini ya Inspekta Jenerali mmoja, na askari wa Tanga akihamishiwa Moshi ni askari vilevile. Kule kila mji, kila wilaya na kila jimbo lina polisi wake, na hesabu ya majeshi hayo ni takriban 18,000. Kwa asili ya sheria yao, askari akitoka nje ya mpaka wa mji wake huwa hana uwezo mkubwa kuliko raia mwingine, isipokuwa kama alikuwa akimfukuza mkosaji aliyeanzia ndani ya mpaka wake, au kama sheria ya jimbo imempa ruhusa. Ndipo majimbo yakaanza kutoa ruhusa, kila moja kwa kadiri yake. California humruhusu askari kutumia uwezo wake mahali popote jimboni pale kosa linapotendeka mbele yake na pana hatari ya papo hapo kwa mtu au mali, au hatari ya mkosaji kutoroka. Texas humruhusu kumkamata, nje ya eneo lake, mtu aliyemwona kwa macho akitenda jinai kubwa au akivunja amani. Lakini imemfunga kwa sharti kwamba mara tu iwezekanapo awaarifu polisi wa mahali pale, nao ndio watakaomchukua mtuhumiwa na kumfikisha kwa hakimu. Ukilitazama sharti la Texas, utaona ndilo alilolifanya yule bwana wa kikoi pale sokoni bila ya kuusoma waraka wowote.

Mwaka 2004 serikali kuu ya Marekani ilitunga sheria inayowaruhusu askari walio kazini, na wastaafu wenye sifa, kuchukua silaha zao kwa siri katika majimbo yote. Sheria hiyo haikuwapa uwezo wa kukamata. Silaha ilivuka mpaka, na mamlaka ikabaki nyumbani. Jambo hili nimelifikiri sana, kwani mwenye bastola kiunoni, akiona ugomvi, haitakuwa rahisi akumbuke kipi kimevuka na kipi kimebaki.

Na hatari hiyo humpata askari mwenyewe kabla ya mtu mwingine. Tarehe 25 Januari 2008, askari mmoja wa mji wa Mount Vernon, jimbo la New York, kijana mweusi wa miaka 23, alikuwa nje ya zamu katika mji wa jirani uitwao White Plains. Akamkuta mtu anampiga mwenziwe, akaingia kumzuia. Hakuwa na sare, na bastola yake ilikuwa imetoka. Polisi wa wilaya wakafika, wakaona mtu wasiyemjua ana silaha, wakampiga risasi akafa. Mwaka uliofuata, katika mtaa wa Harlem jijini New York, askari mwingine mweusi, aliyetoka zamu muda si mrefu, aliuawa na askari mwenziwe alipokuwa akimkimbiza mtu aliyevunja gari lake. Baada ya hapo gavana wa jimbo aliunda tume ya kuchunguza, nayo ilipotoa taarifa yake mwaka 2010 ilionekana kwamba katika askari walio nje ya zamu waliouawa na wenzao kwa kutotambuliwa, karibu wote hawakuwa watu weupe. Vijana wale wawili walikuwa na ushujaa. Kilichokosekana ni mtu wa mahali pale wa kusema: "Namjua, huyu ni mwenzetu."

Sasa tuvuke bahari twende Uingereza, ambako mpaka wa mji haumzuii askari. Kwa Sheria ya Polisi ya mwaka 1996, askari wa jeshi lolote la huko ana uwezo wake wote katika England na Wales nzima. Usiku wa tarehe 3 Machi 2021, askari mmoja wa polisi wa London, akiwa nje ya zamu na katika gari la kukodi, alimsimamisha barabarani mwanamke wa miaka 33 aliyekuwa akirudi kwake kwa miguu. Ulikuwa wakati wa amri za kuzuia maradhi ya korona. Akamwonyesha kitambulisho chake cha kweli, akamtia pingu za kweli, kana kwamba anamkamata kwa kuvunja amri zile, kisha akamchukua, akamtenda ubaya, akamuua. Watu waliopita na gari waliona mwanamke akitiwa pingu, wakadhani ni askari kanzu anafanya kazi yake, wakaenda zao. Nani awezaye kuwalaumu? Mahakama ilimhukumu muuaji kifungo cha maisha yake yote tarehe 30 Septemba 2021, na mwezi uliofuata polisi wa London wakaweka utaratibu kwamba askari asiye na sare, akiwa peke yake na kumsimamisha mwanamke aliye peke yake, apige simu ya picha kwa msimamizi aliye kituoni, ili mwanamke amwone na kuthibitisha.

Najua mtu atasema: huyo alikuwa mhalifu, na sheria haitungwi kwa ajili ya mhalifu mmoja katika maelfu. Ni kweli. Lakini hebu tujiulize kilichomwezesha ni nini. Hakuvunja mlango wala hakuchukua bunduki. Alitumia mazoea ya watu wema, waliokwisha kuzoea kwamba mtu yeyote mwenye kitambulisho, saa yoyote, mahali popote, peke yake, aweza kumchukua mwenziwe na kuondoka naye. Mazoea hayo ndiyo yanayokua kila uwezo unapopanuliwa bila ya masharti.

Na sisi huku tusidhani kwamba haya ni ya watu wa mbali. Nitasimulia lililotokea kwa jirani yangu, bila ya kumtaja mtu wala kituo. Mwanawe, ambaye aliwahi kuwa mwanafunzi wangu mpaka akahitimu juzuu zote 30, alikuwa akiendesha bodaboda kwa mkataba wa kulipa kila wiki. Akachelewa malipo ya wiki tatu. Mwenye pikipiki alikuwa na ndugu yake askari, wa mkoa mwingine kabisa, aliyekuja likizo. Siku moja baada ya Alasiri askari yule akafika kijiweni akiwa na nguo za nyumbani, akasema, "Wewe unatakiwa," akamtia pingu, akampandisha gari. Wenziwe kijiweni walimwuliza kosa gani, akawajibu kwamba watalijua hukohuko. Kituo gani, hakusema.

Mama yake alikuja kwangu baada ya Magharibi. Tukaenda kituo cha kwanza, askari wa zamu akafungua daftari, jina hakuna. Alitujibu kwa upole, na hakuwa na la kutuficha. Kituo cha pili, vilevile. Saa nne za usiku tulikuwa tumekwisha kwenda vituo vitatu na hospitali moja. Katika njia ya kurudi mama yule aliniambia maneno ambayo sijayasahau: "Mwalimu, ningeambiwa amekufa ningejua pa kwenda. Sasa nikabishe wapi?" Kijana alipatikana kesho yake adhuhuri katika kituo kidogo cha wilaya ya jirani, ambako askari yule alimwomba mwenziwe "amwekee" mtu wake. Hakuandikwa popote. Mkuu wa kituo alipofika na kuuliza kosa, akaambiwa ni deni la pikipiki, alimfungulia saa ileile, akamkemea aliyempokea. Mkono wa kijana ulikuwa umevimba kwa pingu iliyobanwa. Pikipiki ilichukuliwa, na deni likaendelea kudaiwa.

Sheria yetu haikulikubali jambo lile hata kidogo. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985, inayotumika Tanzania Bara, humtaka anayekamata amweleze aliyekamatwa sababu ya kukamatwa, na imefanya saa 24 kuwa kipimo cha kumfikisha mtu mahakamani. Hata raia wa kawaida sheria hiyo imemruhusu kumkamata anayetenda kosa kubwa mbele ya macho yake, lakini ikamwamrisha amkabidhi kwa polisi bila ya kuchelewa. Na deni la mkataba ni la kwenda kudaiwa kwa madai, halina pingu. Kwa hiyo askari yule hakukosa uwezo. Alikuwa nao wa kutosha na zaidi. Alilokosa ni mtu wa kumwuliza. Mkuu wake alikuwa mkoa mwingine, naye anajua kijana wake yuko likizo. Wakuu wa hapa hawakujua kama yupo. Katikati ya wakuu wawili hao, kila mmoja akiwa na udhuru wake, mtoto wa mtu alipotea kwa muda wa usiku na nusu ya mchana.

Jambo hili wanazuoni wetu walilipima zamani. Al-Mawardi, aliyefariki Baghdad mwaka 450 Hijria, yaani 1058 Miladia, katika kitabu chake cha hukumu za utawala ameeleza kazi ya muhtasib, yule aliyewekwa na serikali kusimamia mema na kuzuia maovu sokoni na njiani. Akamtofautisha na mtu anayejitolea kukataza ovu bila ya kuwekwa, akataja tofauti tisa. Aliyewekwa ni wajibu wake, hawezi kuiacha kazi akashughulika na mengine. Watu wana haki ya kumlilia naye analazimika kuwajibu. Anaweza kuyachunguza maovu yaliyo dhahiri, kuchukua wasaidizi, kutia adabu, na kula mshahara wa hazina. Anayejitolea hana hayo. Yeye hukataza aonalo, basi. Na kadhi naye, akiwekwa kuhukumu mji fulani, mamlaka yake yanaishia katika mji huo. Nionavyo mimi, askari aliye nje ya zamu na nje ya mji wake anafanana zaidi na yule anayejitolea. Wema haujamtoka, wala ujuzi haujamtoka, lakini ule uwekwaji, na yule wa kuulizwa juu yake, viko mahali pengine.

Na wamesimulia kwamba Sayyidna Umar bin Khattab, Mwenyezi Mungu amwie radhi, alikuwa akizunguka Madina usiku, akasikia sauti za anasa katika nyumba, akaparamia ukuta na kumkuta mwenye nyumba katika maasi. Yule mtu akamwambia kwamba ikiwa yeye amekosa moja, Amirul Muuminina amekosa matatu: amepeleleza, na Mwenyezi Mungu amekataza katika Sura ya 49 aya ya 12, ameingia kwa ukutani, na tumeamrishwa kuingia kwa milangoni katika Sura ya 2 aya ya 189, tena ameingia bila ya kubisha hodi wala kutoa salamu, kinyume cha Sura ya 24 aya ya 27. Umar akamwacha. Yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa dola nzima, hana mpaka wa mji wala saa ya zamu, na bado njia aliyopitia ilimfunga.

Basi shauri langu ni hili. Askari aliye nje ya zamu apewe uwezo wa kuzuia ovu alionalo kwa macho yake, pale uhai au mali ya mtu iko hatarini, popote alipo. Asipewe uwezo wa kutafuta, wala wa kuita watu, wala wa kupekua, wala wa kukamata kwa habari aliyoisikia. Ajitaje jina na kituo chake mbele ya mashahidi. Awaite wenye zamu papo hapo, na aliyekamatwa aandikwe katika daftari la kituo cha karibu, si la mbali. Na jambo linalomhusu yeye, au ndugu yake, au rafiki yake, aliache kabisa, alipeleke kwa wengine kama raia mwingine anavyopeleka. Mwenye nia safi hayatamwelemea masharti haya, kwani yule bwana wa sokoni aliyatimiza kwa muda mfupi, na chakula chake hakijapoa.

Enyi vijana, mkisimamishwa na mtu asiye na sare, msikimbie wala msipigane naye, maana huenda ni askari kweli. Mwulizeni kwa adabu: wewe ni nani, kosa langu ni lipi, na unanipeleka kituo gani. Semeni kwa sauti ya kusikika. Nanyi mlio karibu msipite kimya: mmoja akumbuke nambari ya gari, mmoja akawaarifu nyumbani, na wawili wafuate mpaka kituoni wakaone jina linaandikwa. Wazazi, jueni vituo vya wilaya yenu na majina ya wakuu wake kabla ya kuwahitaji. Nanyi ndugu zetu askari, ambao wengi wenu mlikaa mikekani petu mkisoma alifu na be, mnapokwenda likizo nendeni mkapumzike, na mkikutwa na ovu njiani lizuieni, kisha mwiteni mwenye zamu. Mwenyezi Mungu awalinde nyinyi, na awalinde wanaolala chini ya ulinzi wenu.